Makaburi ya bibi yamo ndani ya shamba la jirani, na kaka zangu wanataka kujenga ukuta

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Lindi mjini. Mama yangu ni mtu mzima, amepita miaka sabini, na tangu mwaka jana anarudia jambo moja tu: akifa azikwe mahameni, kando ya mama yake. Mahame yetu yako upande wa Mchinga, ndani kidogo kutoka pwani. Watu walihamishwa pale mwaka 1974 wakati wa Operesheni Vijiji, wakaletwa kwenye kijiji cha barabarani. Nyumba zilianguka, minazi ikafa, makaburi yakabaki. Mimi sikuwahi kuyaona.

Mzee mmoja wa kijijini amenionyesha. Ni kichaka katikati ya mikorosho, kina mbuyu mmoja, mnyaa na mbono kaburi nyingi, na upupu umetambaa kila mahali. Kuna makaburi matatu yaliyojengwa kwa mawe na chokaa. Moja lina maandishi ya Kiarabu, na mti mnene kama paja umeota katikati yake. Mengine ni ya udongo, na mengi yamedidimia hadi yamekuwa mashimo. Nahofia kuna watu walichimba wakitafuta mali ya Mjerumani, maana huku kwetu maneno hayo hayaishi.

Shamba ni la mzee mmoja ambaye nitamwita jirani. Mikorosho aliipanda yeye, kile kichaka akakiacha. Alitupokea vizuri, akasema, "Hapa pana wenyewe, mimi sikupagusa." Ila kila mwaka husafisha shamba na kuchoma majani kabla ya kuokota korosho, na moto umekuwa ukiingia makaburini. Mawe yameungua na kupasuka.

Tatizo ni kaka zangu wawili walioko Dar es Salaam. Nilipowatumia picha wakasema makaburi ndiyo ushahidi kwamba ardhi ni yetu, na jirani ni mvamizi. Wametuma hela, nimeambiwa ninunue saruji, na mifuko kumi iko sebuleni kwangu. Wanataka fundi ajenge ukuta wa matofali kuzunguka makaburi yote, apige lipu makaburi ya zamani, aweke na bango lenye jina la ukoo wetu, yaani jina la baba yetu. Baada ya hapo wadai shamba lote pamoja na mikorosho.

Maneno yamemfikia jirani. Sasa anasema ataleta trekta asawazishe kile kichaka ili yaishe. Mama akisikia hivyo analia. Shehe wetu anasema makaburi hayajengewi. Mama mdogo anasema kisiguswe kitu kabla ya tambiko. Mama ana kaka yake mmoja aliye hai, yuko Nachingwea, lakini hatujamshirikisha kwa sababu ni mzee na miguu inamsumbua.

Nianze kusafisha au nisubiri? Nikubali ukuta? Na mama nimjibu nini?

Mjukuu wa Mahameni, Lindi

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, maana ndani yake mna mambo matatu yaliyofungwa fundo moja. Kuna makaburi yanayoharibika kwa moto, mizizi na mvua. Kuna ardhi ambayo kaka zako wanaitaka. Na kuna mama anayetaka kujua atalala wapi. Kila mmoja katika familia yenu ameshika jambo lake na anadhani ndilo lote. Wewe umesimama katikati na mifuko kumi ya saruji, na jirani ambaye jana alikuwa mlinzi wa makaburi leo anataja trekta. Ni mzigo mzito, na kwamba uliuliza kabla ya kumwita fundi ni jambo jema.

Niruhusu nikuulize machache kwanza.

Unasema "ukoo wetu", na bango litakuwa na jina la baba. Aliyezikwa pale ni mama yake mama yako. Kwa desturi za Wamwera, kama ilivyo kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao wa mikoa yetu hii, ukoo ulihesabiwa upande wa mama, na msemaji wa mambo ya kaburi alikuwa mjomba. Ikiwa kwenu ni hivyo, bango la jina la baba litasimama juu ya watu wasio wa jina hilo. Na mtu mwenye neno zito kuliko kaka zako ni yule mzee wa Nachingwea mliyemwacha kwa sababu ya miguu. Miguu inamuuma, lakini kumbukumbu anayo na simu inamfikia. Wapo pia watoto wa dada za bibi yako na jamaa waliooana na ukoo huo. Makaburi ya mahame hayakuwa ya nyumba moja, kwa hiyo huenda nusu ya waliolala pale wana wajukuu wengine kijijini ambao hawajui kwamba mnataka kujenga ukuta kuwazunguka wazee wao.

Jambo la pili ni hilo neno "mvamizi". Jirani alipataje shamba? Alifyeka mwenyewe, alirithi, alinunua, au aligawiwa na kijiji? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, katika kifungu cha 15 inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977, na kufuta haki zilizotangulia kwenye ardhi hiyo. Kipindi hicho ndicho cha Operesheni. Kama yeye au baba yake aligawiwa wakati huo, madai ya kaka zako yana mlima mrefu mbele yake. Hata kama hakugawiwa, Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya 1971 inaweka miaka 12 kwa mtu anayedai kurudishiwa ardhi. Mikorosho mikubwa inayozaa imekuwa pale muda gani? Makaburi yanaonyesha kwamba watu wenu waliishi pale. Nani ana haki ya shamba leo ni swali jingine, na kaka zako wamelichanganya na lile la kwanza. Sisemi hawana haki hata kidogo. Nasema waulize jibu hilo kabla ya kutumia mawe ya bibi yao kama silaha.

La tatu ni la kukutuliza. Kaburi la udongo kudidimia si lazima liwe limechimbwa. Katika maziko yetu maiti huwekwa kwenye mwanandani, yaani shimo dogo ndani ya kaburi, juu yake hupangwa viunza vya kuufunika, ndipo udongo hurudishwa. Viunza vya mbao huoza baada ya miaka, nafasi ya chini hujaa udongo na juu hubonyea. Shimo la namna hii lina kingo laini, limenyooka kama kaburi lenyewe, na halina kifusi pembeni. Lililochimbwa huwa na kingo za ghafla, mara nyingi la mviringo au lililokaa upande mmoja, na udongo wake umerundikwa kando, hata kama majani yameota juu ya lile rundo. Yaangalie tena kwa jicho hilo. Nadhani utakuta mengi yamezama yenyewe.

Sasa nije kwenye trekta, maana hilo ndilo haliwezi kungoja. Jirani alikuwa mwema mpaka aliposikia ukuta. Anayoyaogopa si makaburi, ni saruji yenu. Mtu asiyemtisha anaweza kwenda kumwona wiki hii: yule mzee aliyekuonyesha njia, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, na wewe nyuma yao. Msiende na fundi wala futi kamba. Mwombe jambo dogo: asisawazishe wala asichome upande huo hadi mjomba atoe neno. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu inafanya kuwa kosa kuingilia mahali pa maziko kwa nia ya kuumiza hisia za watu, lakini ukianza na hilo utakuwa umeanza kesi. Liweke pembeni.

Wakati mkisubiri mjomba, kuna kazi inayoweza kufanyika bila kugusa hata jiwe moja, wala haimkeri shehe au mama mdogo. Ni kuorodhesha. Chukua daftari, futi ya mita 30 au zaidi, kamba, na simu yenye kamera. Tembeeni kwa mistari iliyonyooka, mita moja kutoka mstari hadi mstari, kuanzia nje ya kichaka kwenda ndani. Tafuta mashahidi, yaani mawe au vijiti vya kichwani na miguuni. Tafuta mabonde madogo, matuta, vipande vya chokaa, na mbono kaburi au mnyaa uliosimama peke yake, maana miti hiyo ilipandwa kama alama. Kutoka Lindi kibla kiko karibu kaskazini kabisa. Maiti akilazwa ubavu wa kulia na uso kibla, kichwa huwa mashariki na miguu magharibi, hivyo makaburi ya Kiislamu yatalala mashariki kwa magharibi. La mtu mzima lina urefu wa kama mita 2, na la urefu wa mita moja au pungufu huenda ni la mtoto, nayo ndiyo hupotea kwa urahisi zaidi. Ukikuta kaburi limeelekea kwingine usiliondoe kwenye orodha. Huenda ni la kabla ya Uislamu kuingia katika ukoo, au la mgeni.

Kila kaburi lipe namba. Kijiti cha namba kichomeke pembeni, nje ya kaburi, na usipime kwa kuchoma nondo ardhini ukitafuta nani yuko wapi. Bakuli, chungu, chupa au sufuria iliyotobolewa ukiikuta juu ya kaburi, iache ilipo. Kisha kaa na mama, washa kinasa sauti cha simu, na usimuulize "nani amezikwa pale?" Muulize nani alizikwa karibu na nani, nani alitangulia, nani alilia sana siku ile. Kumbukumbu huja kwa mlango huo. Jina lenye shaka liandikie "inasemekana". Mpigie mjomba na maswali yaleyale bila kumtajia majibu ya mama, halafu ulinganishe.

Yale maandishi ya Kiarabu yapige picha saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa ubavuni, maana kivuli ndicho kinachotoa herufi. Usijaze herufi kwa chaki au rangi, na usisugue kwa brashi ya waya, asidi au jiki. Brashi laini na maji matupu yanatosha, na ukoga uliong'ang'ania utolewe kwa kijiti cha mwanzi. Tafuta mwaka. Katika tarakimu za Kiarabu kiduara ni tano na kinukta ndiyo sifuri, na wengi hukosea hapo. Mwaka wa Hijria uzidishe kwa 0.97, jumlisha 622, utapata mwaka wa kawaida kwa makadirio ya karibu. Kwa mfano 1312 inakuwa 1894 au 1895. Hili lina uzito wa kisheria pia: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863, na makaburi yaliyojengwa yamo. Ukisoma 1279 au chini yake, fundi asiguse kitu kabla hujamwona afisa utamaduni wa halmashauri, akuunganishe na wahusika wa mambo ya kale.

Kusafisha kwenyewe kuna wakati wake. Mvua zikiisha, Mei na Juni, ardhi bado laini na maganda ya upupu hayajakauka. Ukichelewa hadi Julai na Agosti, vinyweleo vya upupu vitawafukuza wote mliokuja. Kata mashina yake chini yakiwa mabichi, na uyaache yanyauke yalipo, usiyavute juu ya kichwa cha mtu. Vaeni mikono mirefu na mabuti. Kabla ya kuingiza mkono popote, gonga kwa fimbo, hasa kwenye nyufa za yale makaburi ya mawe. Kifutu hakimbii kama nyoka wengine, hulala kimya akisubiri ukanyage. Tumia panga, fyekeo na reki. Jembe libaki nyumbani. Nyasi zikatwe zibaki urefu wa vidole vinne hivi, mizizi isiguswe, kwa sababu ukipaacha uwanja mtupu mvua ya kwanza ya Desemba itaondoka na udongo wa makaburi. Mnyaa na mbono kaburi usikate.

Ule mti ulioota katikati ya kaburi utakutia hamu ya kuung'oa. Mwanangu, usiung'oe. Mizizi yake imeshika mawe kila upande, ukiivuta kaburi lote litafumuka. Ukatwe kwa msumeno vipande vipande kutoka juu, matawi yashushwe kwa kamba, na kisiki kiachwe sawa na uso wa kaburi. Machipukizi yakatwe kila yanapotoka, mara kadhaa kwa mwaka, mpaka mizizi ichoke. Ni kazi ya miaka miwili au mitatu. Mbuyu uacheni kabisa.

Makaburi ya udongo yaliyodidimia yajazwe udongo ulioletwa kutoka nje ya eneo, usio na mawe, tabaka kwa tabaka, hadi uinuke kiasi cha shibiri moja. Hapo shehe wako hatakuwa na neno.

Kwenye yale matatu ya mawe ndipo saruji inapoingia, na ningependa kaka zako wasome aya hii. Mawe ya matumbawe na chokaa ni laini na hupumua: maji yakiingia hutoka. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri. Ukipiga lipu ya saruji juu ya jiwe la matumbawe, unyevu na chumvi hunaswa ndani, jiwe huanza kusagika nyuma ya lipu, na baada ya misimu kadhaa lipu hubanduka ikiwa imebeba uso wa jiwe pamoja na maandishi. Anayetaka kuziba nyufa atumie chokaa: sehemu moja ya chokaa iliyolowekwa majini wiki tatu au zaidi, kwa sehemu tatu za mchanga wa mtoni uliooshwa. Mchanga wa baharini una chumvi, usitumike. Kila tabaka lisizidi unene wa sentimita moja, na lifunikwe kwa magunia yenye maji kwa wiki nzima, kwa sababu chokaa hukomaa polepole kwa hewa na ikikaushwa na jua hupasuka. Kuhusu dini, hadithi ya Jabir katika Sahih Muslim inakataza kulipaka kaburi chokaa, kulikalia na kujenga juu yake. Shehe ana msingi wake. Muulize swali mahususi zaidi: je, kuzuia kaburi la kale lisiporomoke ni sawa na kujenga jipya? Jibu lake na la mjomba ndiyo yakuongoze, na kama wakisema yaachwe, kuyaacha bila moto na bila miti pia ni kuyatunza.

Ukuta una hatari ambayo huenda fundi hakuwaambia. Msingi wa matofali unahitaji mtaro kuzunguka eneo lote, na pembezoni ndiko makaburi yasiyo na alama yalipo, ya watoto hasa. Mtawachimbua mnaotaka kuwalinda. Njia nyingine ni uzio hai: acha mita 3 au zaidi nje ya kaburi la mwisho linaloonekana, panda vipandikizi vya mnyaa na mbono kaburi mwanzo wa mvua, kimoja kila sentimita 30, na wapandaji walinde macho, utomvu wa mnyaa ni hatari. Acha mlango wa mita 2 ili jeneza na wabebaji wapite. Saruji yenu haitapotea. Mfuko mmoja wa kilo 50 kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne hutoa nguzo kama nane za sentimita 10 kwa 10 zenye urefu wa mita 1.8, zinazotosha kona na mlango. Mingine iuzwe mapema, kwa sababu katika unyevu wa Lindi saruji huanza kushika mifukoni baada ya miezi mitatu hivi. Uzio hai nao una udhaifu wake: huchukua miaka kufunga, na mbuzi na watu watapita katikati kwanza.

Kuhusu moto, mwombe jirani njia ya moto ya mita 3 hadi 5 kuzunguka kichaka, ifyekwe na kufagiliwa mwezi Juni kabla hajachoma. Jitoleeni nyinyi kuifyeka. Hilo peke yake litaokoa mawe kuliko lipu yoyote, na litamwonyesha kwamba mnakuja na fyekeo, hamji na wakili.

Hayo yote yanasimama juu ya makubaliano, na hapa kuna uchaguzi mgumu ambao siwezi kukufanyia. Mnaweza kuandikiana na jirani mbele ya mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa mipaka: eneo la makaburi ni mita ngapi kwa ngapi, njia inapita wapi, nani anaokota korosho za matawi yanayoingia, nani anafyeka njia ya moto, na kama maziko mapya yanaruhusiwa. Yapelekwe kwenye halmashauri ya kijiji yaingie kwenye muhtasari, na eneo lioneshwe kama makaburi katika mpango wa matumizi ya ardhi. Siku jirani atakapoomba hati ya hakimiliki ya kimila, wapimaji watalitenga. Faida yake ni kubwa. Gharama yake ni kwamba jirani atataka mkiri shamba ni lake, na kaka zako watasema umeuza haki yao kwa njia ya miguu. Usiwafiche. Waoneshe rasimu kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.

Wakiamua kudai, ni haki yao kusikilizwa, na mahali pa kuanzia ni usuluhishi wa baraza la ardhi la kijiji. Waombe tu jambo moja: makaburi yasiwe uwanja wa kesi. Kesi ya ardhi inaweza kuchukua miaka, na katika miaka hiyo hakuna atakayethubutu kufyeka wala kuzuia moto. Upande mwingine, ukiwazuia kabisa, kinyongo kitabaki kati yenu, na mama ataiona hiyo pia. Kama kwenu mna watani wa ukoo wanaosikilizwa, waiteni. Mtani anaweza kumwambia kaka yako maneno ambayo wewe ukiyasema yatavunja undugu.

Na mama. Usimwahidi haraka, na usimkatalie. Mkalishe, umuulize anachokitaka hasa: ni kulala pale, au ni kuwa na hakika kwamba kaburi la mama yake halitasahaulika? Ni maombi mawili tofauti. Kama ni la pili, unaweza kuanza kumtimizia yu hai, hata kwa kumpeleka mwezi wa Shaabani mkasoma Yasini pamoja, njia ikishafyekwa. Kama ni la kwanza, ridhaa ya jirani na kibali cha kijiji viwepo mapema, kwa sababu maziko yetu hayangoji, na ugomvi wa njia ukizuka jeneza likiwa mabegani ni fedheha isiyofutika. Ramani yako ya makaburi itaonyesha nafasi iliyo wazi, na hata hapo wachimbe kwa mikono, na wakikuta mifupa wafukie na kusogea. Fikiria pia msimu: gari linafika pale Februari? Atakayeugua mwezi huo mtambebaje? Mambo hayo mwambie mama kwa upole, yeye ni mtu mzima, ataweza kuyapima.

Tambiko la mama mdogo nimelitaja mwisho si kwa kulidharau. Hilo ni la mjomba kusema, na shehe atasema la kwake. Wape nafasi ya kuzungumza wao kwa wao kabla hujaulazimisha upande mmoja.

Ukiandika tena, nieleze mambo mawili: jirani alilipata shamba mwaka gani na kwa njia gani, na mjomba amesema nini. Yanaweza kubadilisha mengi niliyokuandikia hapa.